Mbuzi ya Nalupembe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Mbagala, Marietha alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Bibi yake, Filomena, aliuza chapati na maharage ya nazi barazani, na wateja wake hawakuwa watu wa kungoja. Kwa hiyo Marietha alikuna, Bibi akachuja tui, na harufu ya maharage ilipoanza kufika barabarani, Marietha alinawa mikono, akavaa sare na kukimbilia shule.

Mbuzi ile ilikuwa ya zamani, imeletwa kutoka Masasi ndani ya gunia. Mti wake ulikuwa umelainika kwa kukaliwa, na meno ya chuma chake yalikuwa yameanza kulika. Juu ya mbuzi hiyohiyo ndipo Marietha alipoisikia, tangu angali mdogo, hadithi ya Nalupembe.

Karibu kila mtoto wa mtaa ule aliijua. Nalupembe aliachwa nyumbani na mdogo wake mchanga, wazazi walipokwenda msibani. Giza lilipoingia, zimwi likaja na kukaa mlangoni. Nalupembe hakuwa na mkuki wala panga. Akakalia mbuzi yake, akaanza kukuna nazi huku akiimba, na kila wimbo akaubadilishia sauti: huu kwa sauti ya mama, huu kwa sauti ya shangazi, huu kwa sauti ya bibi kizee mwenye kikohozi. Zimwi likasikia kwaru, kwaru, likadhani nyumba imejaa watu walio macho. Likangoja walale. Nazi zikaisha, Nalupembe akakuna vifuu vitupu. Kulipopambazuka, zimwi likaondoka na njaa yake.

"Hakumpiga mtu," Bibi alikuwa akimalizia. "Alikataa kulala tu."

Shuleni, Marietha alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, na sifa yake ilikuwa kalamu. Mwalimu wao wa Kiswahili, Madam Gladness, alikuwa ametundika kwenye ukuta wa darasa ubao alioupa jina la Ubao wa Wasomaji. Mwanafunzi aliyesoma kitabu aliandika uhakiki wake na kuubandika hapo. Kanuni ilikuwa moja, na Madam hakuilegeza kwa mtu yeyote: kila uhakiki uanze kwa maneno haya, "Nimesoma kitabu hiki chote." Asiyeweza kuandika sentensi hiyo asiandike ya pili.

Siku moja rafiki yake Malak, aliyekaa naye dawati moja, alimletea kitabu cha katuni. Kilikuwa kimechorwa na kaka yake, Hudhaifa, kijana aliyefanya kazi katika duka la steshenari karibu na kituo cha mabasi. Alikichora kwa mkono jioni baada ya kazi, akakitoa kopi, akakunja kurasa na kuzibana kwa pini. Jina lake lilikuwa *Nalupembe wa Radi*.

Malak alimwambia mambo mawili. La kwanza, kurasa za mwisho za nakala ile zilikuwa bado zimeshikana kwa juu, kwa kuwa kisu cha dukani kiliziruka. Akifika hapo azikate kwa wembe. La pili alilisema kwa sauti ya chini. Baba yao, Mzee Muhdhar, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amechoshwa na habari za michoro. Alitaka Hudhaifa aende Kurasini kwa mjomba wao, akasimamie mizigo kwenye bohari. Lakini alikuwa ametoa nafasi moja. Shule ilikuwa inachagua vitabu vipya vya maktaba. Kamati ya vitabu, ya walimu na wazazi, ikikubali kitabu cha Hudhaifa, kijana aendelee kuchora. Ikikikataa, penseli ziwekwe chini.

"Ukiandika wewe watakisoma," Malak alisema. "Wewe na Bibi yako mnaijua hadithi ya Nalupembe kuliko mtu yeyote."

Wakati wa mapumziko Marietha alikaa nyuma ya darasa na kukifungua. Ukurasa wa kwanza tu ulimkunja uso. Nalupembe alikuwa amevaa joho linalopepea, viatu vya kung'aa na mkanda wenye nyota. Uso wake ulikuwa mweupe kama wa tangazo la sabuni, nywele zake ndefu zikiruka na upepo. Ukurasa wa pili, Nalupembe alikuwa amepanda mbuzi. Si mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi wa nyama, mwenye ndevu, na mbawa mgongoni, na radi zikitoka kwenye pembe. Wakaruka juu ya mapaa wakilipiga zimwi radi hapa na pale. Mdogo wake yuko wapi? Nazi ziko wapi? Marietha alifunua kwa hasira, kila ukurasa ukimwongezea hasira, mpaka akafika pale kurasa ziliposhikana.

Wembe wa kuchongea penseli ulikuwa kwenye mfuko wa Malak, hatua chache tu kutoka pale. Marietha alikitazama kitabu, akatazama kengele, akajiambia kwamba mwisho anaujua. Nani asiyeujua mwisho wa Nalupembe? Akakifunga, akachukua karatasi.

"Nimesoma kitabu hiki chote," aliandika. Kisha kalamu ikapata mbio. Aliandika kwamba mchoraji amemvua Nalupembe ngozi yake na akili yake, akamvika joho. Kwamba amemtupa mdogo wake asiye na kosa. Kwamba msichana aliyeshinda kwa kukesha amefanywa msichana anayeshinda kwa kupiga, kana kwamba mashujaa wa kupiga ni wachache duniani. Akamalizia hivi: "Hadithi inasema Nalupembe alikalia mbuzi yake, si mbuzi wake. Mchoraji asiyejua mbuzi ya nazi na mbuzi wa pilau arudi darasa la kwanza, akitoka huko ndipo ashike penseli."

Madam Gladness aliusoma uhakiki ule akasimama kwenye sentensi ya mwisho. Alisema lugha ni nzuri lakini ulimi ni mkali. Kisha akauliza, "Umekisoma chote, Marietha?"

"Ndiyo, Madam."

Ukabandikwa. Kabla ya kwenda nyumbani, nusu ya shule ilikuwa imeusoma. Jabiri, kijana mchekeshaji wa darasa, aliukariri mwisho wake na kuugeuza wimbo. Kila Malak alipopita, alisikia mlio wa mbuzi kutoka kona moja, na kutoka kona nyingine sauti ikiuliza: "Malak, nyumbani kwenu mnakuna nazi juu ya beberu?" Watoto walicheka mpaka machozi. Marietha naye alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka, kwa sababu Malak alikuwa amechukua daftari zake na kuhamia dawati la dirishani.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Polikarpo, alipita darasani, akausoma ubao mikono ikiwa nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliagiza uhakiki ule usomwe Ijumaa mbele ya kamati ya vitabu, ili wazazi waone watoto wao wanavyoweza kupambanua. Wenzake walimpongeza Marietha. Yeye alishukuru huku akilitazama dawati la dirishani.

Alhamisi, wakati wa kufagia darasa, alimkuta Malak peke yake. Malak hakumwonyesha hasira. Alieleza kama mtu anayesoma tangazo kwamba baba yake alipita shuleni akausoma ule ubao mwenyewe, akarudi nyumbani akisema hana haja tena ya kuingoja kamati. Hudhaifa amefunga penseli zake kwenye boksi la viatu. Jumatatu anakwenda Kurasini.

"Hata hajabisha," Malak alisema. "Ameniuliza kitu kimoja tu: Marietha alifika mwisho?"

Marietha aliinamia ufagio. "Nilifika."

"Ulizikata kwa wembe gani? Wangu ulikuwa kwangu."

"Wa Bibi."

"Basi, mie sina neno," Malak alisema, akaendelea kufagia upande wake.

Uongo wa kwanza ulikuwa kwenye karatasi, wa pili kwa mwalimu. Huu wa tatu ulikuwa usoni kwa rafiki, na ndio uliomfuata Marietha njiani kama mbwa asiye na mwenyewe. Alipofika nyumbani hakula. Alichukua wembe kwenye kopo la Bibi la uzi na sindano, akakaa mlangoni na kile kitabu alichokuwa hajakirudisha, akaanza kukata kurasa zilizoshikana, moja baada ya nyingine.

Hadithi iliendelea pale alipoiacha. Radi za Nalupembe zikaisha. Zimwi likaunguza mbawa za mbuzi, na mbuzi akaanguka mbele ya mlango wa nyumba. Ndani ya nyumba ile alikuwamo mdogo wake, amelala. Alikuwamo tangu mwanzo. Kila Nalupembe aliporuka, kidirisha kidogo chenye mwanga kilikuwa kimechorwa chini yake, na Marietha hakukitazama. Nalupembe akavua joho, akalichana, akamfunika mdogo wake. Akainama kwa mbuzi wake aliyeanguka. Na pale, picha kwa picha, mbuzi akaanza kubadilika. Miguu ikafupika ikawa ya mti. Mgongo ukawa kiti. Pembe ikanyooka, ikaota meno, ikawa chuma. Chini yake mchoraji aliandika: "Mbuzi wake akawa mbuzi yake."

Kurasa zilizofuata zilikuwa nyeusi karibu zote. Ilionekana mikono tu, na kifuu, na neno KWARU likipungua ukubwa mpaka kulipokucha.

Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa hapakuwa na picha. Palikuwa na maandishi: "Kwa yule mtoto wa barazani kwa Bibi Filomena, aliyeuliza: Bibi, mbuzi wa Nalupembe anakulaga nini?"

Marietha aliyasoma mara ya pili. Kisha alikwenda jikoni, ambako Bibi alikuwa akichambua maharage ya kesho, akamsomea kwa sauti.

Bibi alicheka mpaka ungo ukamtetemeka. Alisema mtoto mwenyewe si mwingine, ni yeye Marietha, akiwa bado hajanyoosha maneno. Hudhaifa wakati huo alikuwa akitumwa maharage na mama yake, Wahiba, na badala ya kurudi alikaa kusikiliza hadithi mpaka bakuli linapoa, mama yake anamfuata kwa ukali. Siku Marietha alipouliza swali lile baraza zima lilicheka. Marietha akalia. Ndipo Hudhaifa akachukua kijiti, akamchorea mchangani mbuzi mwenye mbawa, akamwambia kwamba mbuzi wa Nalupembe anakula mawingu.

"Ukanyamaza palepale," Bibi alisema. "Ulikataza mtu kupita pale mchangani hadi mvua ilipoufuta mchoro."

Kisha akauona uso wa mjukuu wake, na kicheko kikamwisha. Marietha alimweleza yote, kuanzia kurasa zilizoshikana mpaka wembe wa uongo. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, vidole vikiendelea kutafuta mawe katika maharage. Marietha alimwomba kesho aende naye shuleni, azungumze na Madam.

"Nizungumze nini?" Bibi aliuliza. "Kama ni kukubembeleza, nimeshakubembeleza sana. Mdomo uliosema ndio utakaosema tena, mwanangu. Mie nitakukunia nazi asubuhi. Wewe wahi shule."

Ijumaa kamati ilikaa darasani mwao, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mzee Muhdhar alikaa karibu na mlango, kofia yake nyeupe kichwani, fimbo katikati ya magoti. Malak alikuwa dirishani. Mwalimu Polikarpo alieleza habari za Ubao wa Wasomaji kwa maneno mengi ya fahari, kisha akamwita Marietha.

Marietha alisimama na nakala ya uhakiki wake aliyoiandika kwa mkono. Alisalimia, wazazi wakaitikia marahaba. Akasoma, "Nimesoma kitabu hiki chote," na hapo akaishia. Maneno yalikuwa yaleyale ya ubaoni, mwandiko wake mwenyewe. Alijaribu tena akashindwa. Mwalimu Mkuu alikohoa, akamwambia aendelee, asiogope watu.

"Siogopi watu, Mwalimu," Marietha alisema. "Sentensi hii si kweli. Sikusoma chote. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeshikana, sikuzikata. Madam aliniuliza nikamdanganya. Malak aliniuliza nikamdanganya."

Mnong'ono ulipita darasani. Mwalimu Polikarpo aliona haya mbele ya wageni wake, na haya yake ikageuka ukali. Alitamka palepale kwamba msichana huyu hataandika tena kwenye ubao mpaka muhula uishe, na kwamba uhakiki wake ubanduliwe. Marietha aliitikia. Alikuwa ameshageuka kurudi kitini Madam Gladness alipoomba ruhusa ya kumuuliza swali moja.

"Na sasa, umekisoma chote?"

"Ndiyo, Madam. Jana jioni."

"Basi kabla hujakaa, waeleze ulichokiona."

Haikuwa kazi nyepesi. Kusimulia kosa lake lilikuwa jambo moja. Kusimulia kitabu kwa haki, huku Malak akimtazama na Mzee Muhdhar amekaza fimbo, lilikuwa jingine. Alianza kwa kusitasita. Akaeleza kuhusu kidirisha chenye mwanga, na joho lililochanwa, na jinsi mbuzi wake alivyokuwa mbuzi yake. Alikiri kwamba alimcheka mchoraji kwa kutojua lugha, kumbe mchoraji aliichezea lugha kwa makusudi. Na akasema mbuzi yule alitoka wapi. Hapo wazazi wawili watatu walicheka, lakini kwa upole.

Kisha akaongeza jambo ambalo usiku alikuwa amejiuliza kama analo ruhusa ya kulisema. "Lakini mengine bado sikubaliani nayo. Uso wa Nalupembe umechorwa mweupe na nywele za upepo, mpaka mwisho, hata baada ya joho kuchanwa. Nalupembe wa Bibi ni mweusi, amesuka twende kilioni. Na zile sauti zake, ya mama, ya shangazi, ya bibi, hazimo. Hizo ndizo akili zake. Nilizisubiri, sikuzikuta."

Mzee Muhdhar aliinua mkono. Watu walidhani atagomba. Badala yake aliomba aone kitabu chenyewe. Akakipokea, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza, taratibu, kamati nzima ikimngoja. Ilikuwa dhahiri kwa kila mtu mle ndani kwamba alikuwa akikisoma kwa mara ya kwanza. Alipofika kwenye kurasa nyeusi, alipitisha kidole juu ya mikono iliyochorwa.

"Mie niliamini ubao," alisema hatimaye, kama anayejisemea. "Kitabu kilikuwa mezani kwangu." Akakifunga. Akasema Kurasini haiondoki, itangoja.

Kamati haikukubali siku hiyohiyo. Walisema wajumbe wote wakisome kwanza, hadi mwisho, na baada ya majuma kadhaa wakakipokea. Hudhaifa aliendelea na penseli zake, ingawa kila Jumamosi baba yake alimtaka dukani. Kuhusu uso wa Nalupembe alituma jibu kupitia kwa Madam: msichana amesema kweli, toleo la pili atasuka twende kilioni. Kuhusu zile sauti alisema bado anafikiri zinavyoweza kuchorwa.

Siku ile ya Ijumaa, wazazi walipotawanyika, Madam Gladness alimbakiza Marietha darasani. Aliubandua uhakiki ukutani yeye mwenyewe, akaukunja na kumpa.

"Usiuchane," alisema. "Yako mambo humo uliyosema vizuri, na kesho na keshokutwa utayahitaji. Kukosoa si dhambi. Mwandishi asiyekosolewa hakui. Lakini mhakiki ni shahidi, Marietha. Anasimama mbele ya watu anasema, nimeona. Shahidi ambaye hakuona, hata akipatia, ni mwongo aliyebahatisha. Na wewe hukubahatisha. Ulikaribia kumwachisha mtu kazi yake kwa kurasa ambazo hukuzifungua." Akamtazama. "Hadithi tunayoijua sana ndiyo rahisi kuliko zote kuisoma ukiwa umefumba macho. Kata kurasa kwanza. Ukishaona, sema, na useme bila kumwogopa mtu."

Jabiri aliacha kulia kama mbuzi, kwa kuwa mchezo ulikuwa umekosa ladha. Lakini Malak hakurudi kwenye dawati lao wiki ile, wala iliyofuata. Marietha alimwomba radhi, na Malak akasema amesikia. Kusikia si kusamehe, na Marietha hakumsukuma. Kila asubuhi alikuna nazi, akaenda shule, akakaa peke yake kwenye dawati la watu wawili.

Asubuhi moja muhula ukikaribia kuisha, alikuta kitu juu ya dawati. Kilikuwa kitabu cha katuni, karatasi bado zina joto la mashine. Msichana aliyekuwa kwenye jalada alikuwa mweusi, amesuka twende kilioni, amekalia mbuzi, na kinywani mwake mlitoka sauti tatu za rangi tatu. Juu, kurasa zote zilikuwa zimeshikana, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Malak alikuwa amesimama pembeni, daftari zake mkononi.

"Nilimwambia Kaka asikate hata ukurasa mmoja," alisema. Akaketi, akaweka wembe katikati ya dawati. "Anza. Mie nakutazama."